Dawa Kuwasha Si Dawa Kushika

"Vumilia kidogo mami, bado haijashika." Pita Kondele kule Kisumu Jumamosi yoyote, au Kaptembwo kule Nakuru, utaisikia. Anayeambiwa huuma meno akanyamaza, kwa sababu amekua akijua kwamba dawa ya kulainisha nywele isipowasha haijafanya kazi. Kwa maoni yetu, madhara mengi ya saluni huanzia hapo. Kinacholainika ni unywele, na unywele hauna hisia. Kinachowasha ni ngozi. Dawa ikianza kuwasha, imeshafika mahali ambapo haikutakiwa kufika.

Ugumu wa kueleza hatari za dawa hizi unatokana na neno lenyewe. "Dawa" ni jina moja lililobeba vitu tofauti kabisa. Kuna rilaksa ya kopo moja, kuna ile ya kuchanganya, kuna inayoitwa keratini ambayo hupigwa pasi, na kuna dawa ya kukunja nywele ambayo si rilaksa hata kidogo ingawa inakaa nayo kwenye rafu moja. Kila moja inaumiza kwa njia yake, na tahadhari inayofaa hii haimsaidii kitu anayetumia ile. Mtu akikuambia "mimi hutumia isiyo na kemikali kali", muulize ni ipi.

Tuanze na rilaksa ya kopo moja. Kiungo chake kikuu ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ile ile wanayochanganya kina mama wa vikundi wakitengeneza sabuni. Humo kwenye kopo iko kidogo, imefungwa ndani ya krimu yenye mafuta ili isitiririke. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu asilimia 2 kwa dawa ya kujipaka nyumbani na asilimia 4.5 kwa ile ya kutumiwa na msusi mwenye ujuzi. Asilimia 2 inasikika kama si kitu. Lakini ukali wa magadi, yaani vitu vya jamii ya kostiki na chokaa, na ule wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho maji safi yako 7 na ngozi ya binadamu iko karibu 5. Rilaksa iko kati ya 12 na 14, na kila hatua moja katika kipimo hicho ni mara kumi ya ile iliyotangulia.

Unywele nao una maganda madogo juu, yamelaliana kama mabati ya paa, na ndani yake kuna nyuzi za protini ya keratini zilizosokotana kama kamba ya katani. Nyuzi hizo zimefungwa kwa vifundo vya salfa, viwili viwili, na vifundo hivyo ndivyo vinavyozuia nywele iliyojikunja isinyooke. Pasi ya moto haivigusi sana. Inalegeza vifungo vingine dhaifu vinavyorudi unyevu ukiingia, ndiyo maana blodrai ya asubuhi hufa kwa manyunyu ya jioni. Rilaksa inavimbisha unywele, inafungua yale maganda, inaingia ndani na kunyofoa salfa moja kutoka kwa kila kifundo kinachofikiwa. Kilichonyofolewa hakirudi. Shampuu haikirudishi, tritimenti haikirudishi, wala mafuta ya nazi. Vifundo vikinyofolewa kiasi, unywele unanyooka. Vikinyofolewa kupita kiasi, ukiuvuta ukiwa umelowa unarefuka kama ubani uliotafunwa, kisha unakatika.

Sasa ile ya kuchanganya. Huja na krimu ya kalsiamu haidroksaidi, kwa maneno mengine chokaa, pamoja na chupa ndogo ya maji ya kuamsha. Vikikutana vinazaa kemikali iitwayo guanidini haidroksaidi, na hiyo ndiyo inayonyoosha. Kwenye boksi wataandika kwamba haina kostiki, na hilo ni kweli. Mteja anasoma hapo kwamba haiunguzi, na hilo si kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha vipimo vya rilaksa za aina zote mbili, zikiwemo zinazotangazwa kuwa za watoto, na kukuta pH yake iko katika kiwango kinachoharibu ngozi. Boksi lenye picha ya mtoto anayetabasamu lina dawa ya watu wazima ndani. Ngozi ya kichwa cha mtoto ni nyororo zaidi, mtoto hatulii kwenye kiti, na hajui kueleza vizuri wapi panamuuma. Hatuoni sababu yoyote ya kumpaka.

Hiyo ya kuchanganya ina kasoro zake mbili zaidi. Kwanza inaacha chembe za chaki kwenye nywele, ndiyo sababu ya ule ukavu unaosikika mkononi baada ya wiki mbili tatu. Pili, ikishachanganywa haikai. Kuna saluni zinazochanganya boksi zima, zinapaka nusu, nusu inafunikwa kwa karatasi ya nailoni hadi mteja wa kesho. Kesho haina nguvu ileile. Msusi anaona haishiki, anaiacha kichwani dakika kumi zaidi, na ngozi ndiyo inayolipa. Dawa ya kupima, ile inayochotwa kutoka kwenye ndoo kubwa hadi kwenye bakuli bila jina wala maelezo, ina balaa jingine: hakuna anayejua ni ya aina gani, ya nguvu gani, wala imefunguliwa lini. Bei yake ni nafuu kwa sababu hiyo.

Kabla kopo halijafunguliwa

Nusu ya kuungua huandaliwa nyumbani. Mtu anafumua rasta Ijumaa usiku, anajikuna kwa kitana hadi magamba yote yatoke, anaosha kichwa, na Jumamosi saa nne yuko kwenye kiti. Kila pale kucha au jino la kitana lilipopita, ngozi imechubuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Isitoshe, kuosha kumeondoa mafuta ya asili ambayo ndiyo yangekuwa ngao ya kwanza. Baada ya kufumua, ngozi ipewe wiki moja, afadhali mbili. Kichwa kisioshwe kwa siku tatu au zaidi kabla ya dawa, na kisikunwe. Mwenye mba uliochachamaa, kipele, ringiwamu au kidonda, dawa isimguse hadi apone.

Maswali ya msusi kabla ya kuvaa glavu yanatakiwa kuwa mahususi. Uliwekwa dawa lini? Ilikuwa ya kopo gani? Umewahi kutia rangi au blichi? Na je, umewahi kuweka dawa ya kukunja? Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Dawa ya kukunja hufanya kazi kwa kemikali ya thayo, ambayo inafungua vifundo vya salfa kwa njia nyingine, na nywele iliyopitia thayo ikipakwa rilaksa hukatika palepale, shungi zima likabaki kwenye kitana. Nywele zilizotiwa blichi nazo zimekwisha kudhoofika. Kwa yeyote mwenye historia isiyoeleweka, jaribu shungi moja dogo nyuma ya sikio, lioshwe, livutwe, ndipo uamuzi ufanywe.

Halafu kuna joto. Kisumu iko chini, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana ndani ya saluni ya mabati dawa inakimbia kuliko boksi linavyosema, kwa kuwa joto huharakisha kemikali yoyote. Aliyetoka juani kwa bodaboda aketi kwanza mbele ya feni, jasho likauke. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, kosa huwa la upande wa pili: asubuhi ya baridi dawa inaonekana kuchelewa, mtu anawekwa chini ya draya "ili ishike haraka". Usikubali. Rilaksa na draya havikutani.

Mkono wa msusi

Nywele zigawanywe sehemu nne. Mafuta ya mgando yapakwe kwenye ngozi kwa kila mstari, kisha kwa wingi kwenye paji la uso, panja, masikio na shingo. Nywele za zamani, zilizolainishwa tayari, zipakwe mafuta au kondishena ili dawa isizipande. Kwa ritachi, yaani kurudia dawa nywele zikishaota, dawa ni ya shina jipya tu. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki nane kuna sentimita 2 hivi za kushughulikia, na brashi inatakiwa ianzie nusu sentimita kutoka kwenye ngozi. Dawa huvimba na kusogea yenyewe. Ukiipaka hadi kwenye ngozi, umeipaka ndani ya ngozi.

Anzia kisogoni, ambako nywele ni ngumu. Panja na ukingo wa mbele viwe vya mwisho kwa kuwa nywele za pale ni nyembamba na ndizo hukimbia kwanza. Wengi hufanya kinyume, eti mbele ndiko kunakoonekana, na baada ya miaka mitano mbele hakuna cha kuonekana.

Saa ihesabiwe tangu shungi la kwanza lipakwe. Si tangu msusi amalize kichwa. Maboksi kwa kawaida hutaja jumla ya dakika kati ya 10 na 20 kulingana na nywele, na ndani ya dakika hizo kuna kupaka na kulainisha. Msusi akitumia dakika 15 kupaka, kisogo kimekwisha kuiva mbele haijaguswa. Kichwa kizito kinahitaji watu wawili, mmoja kila upande. Anayepaka dawa hapokei simu, hahesabu chenji, hatoki kumwita mwenye duka la jirani.

Mteja akisema pale panawasha, dawa ioshwe. Kumwagia matone ya maji na kupepea kwa gazeti ni kuipa dawa muda zaidi. Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui: magadi makali huunguza tofauti na asidi. Asidi hugandisha ngozi ya juu na ule mgando unajifanya ukuta. Magadi hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, yanaizamia na kuendelea kushuka. Maumivu yanaweza kuja yakiwa yamechelewa, au yakatulia huku kazi ikiendelea chini. Kwa hiyo hata anayejisifu kwamba yeye kichwa chake "hakisikii dawa" hana kinga yoyote.

Na maji. Hapa ndipo saluni nyingi za mitaani hukwama, kwa sababu mfereji umekauka tangu Jumatano na maji ni ya mtungi. Lita 20 kwa kichwa kilichojaa hazitoshi. Tungependekeza mitungi miwili iwe pembeni kabla kopo halijafunguliwa, ya maji yasiyo moto, na mmoja wote uishie kwenye kusuuza kabla shampuu haijaguswa. Shampuu ya kuzima dawa ina asidi kidogo, na nyingi zina rangi ya kuonyesha: povu likiwa la waridi, magadi bado yamo, likiwa jeupe, yametoka. Osha mara mbili, tatu, hadi povu liwe jeupe, na usisahau nyuma ya masikio na kwenye kisogo, ambako mara nyingi ndiko linabaki. Sabuni ya kawaida haifanyi kazi hii. Magadi yaliyosalia huendelea kula nywele kwa siku kadhaa, ndiyo maana kuna wanaotoka saluni wakimeremeta na wiki ijayo mto umejaa vipande vya nywele.

Ikiwa kichwa kimeungua, suuza kwa maji safi dakika 20. Usipake ndimu, siki, dawa ya meno wala kahawa. Malengelenge, usaha au sehemu iliyokufa ganzi ni ya kuonwa na daktari. Dawa ikiingia jichoni, fumbua jicho kwa nguvu chini ya maji yanayotiririka dakika zisizopungua 20, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepoa. Magadi hupenya jicho haraka kuliko asidi. Mtoto akilamba kopo, asitapishwe. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Baada ya dawa, kusuka kwa kubana siku hiyo hiyo ni kuumiza mara mbili: unywele uliopungukiwa na vifundo unavutwa na uzito wa wivu (nywele za bandia) au rasta, na shina linalovutwa kwa miaka hufa. Ngojea wiki mbili. Upara wa panja unaotokana na kuvutwa, ukigunduliwa mapema, nywele hurudi. Upara unaoanzia utosini na kupanuka polepole, ngozi ikibaki laini na kung'aa, ni kovu, na hapo shina halioti tena. Chanzo chake kinabishaniwa. Mwaka 2019 watafiti waliuhusisha pia na kasoro katika jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo si haki kumtwika msusi lawama yote. Lakini ukiona utosi umeanza kuwa mwembamba na una mwasho, acha dawa na umwone daktari wa ngozi kabla ya kununua mafuta ya kuotesha nywele.

Keratini, au kile kisichounguza

Keratini ilikuja ikisifiwa kwamba haiwashi. Ni kweli kwa kawaida haiwashi. Nyingi hunyoosha kwa formaldehaidi, ambayo ikiwa ndani ya maji ndiyo formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Aliyewahi kwenda mochari kuchukua mwili wa kusafirisha nyumbani anaijua harufu yake. Dawa hupakwa, nywele zikaushwe, kisha pasi ya nyuzijoto karibu 230 ipite shungi kwa shungi, na kila inapopita formaldehaidi hupanda kama mvuke. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka formaldehaidi katika kundi la 1 mwaka 2004, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Usitegemee maandishi ya chupa. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini katika jimbo la Oregon, Marekani, walipima dawa iliyouzwa kama isiyo na formaldehaidi wakakuta wastani wa zaidi ya asilimia 8. Ujanja mmoja ni kuiandika kwa jina la methilini glaikoli, ambayo ni formaldehaidi iliyokutana na maji. Macho yakitiririka machozi na koo likikereketa pasi inapopita, jibu umelipata bila maabara. Mteja hupata mvuke huo mara chache kwa mwaka. Msusi anaupata kila siku, ndani ya chumba chenye mlango mmoja na pazia, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Watengenezaji wengine wakahamia kwenye asidi ya glaioksiliki. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilishindwa ghafla mara tatu kati ya 2020 na 2022, kila mara baada ya kunyooshwa nywele saluni. Krimu ilikuwa na asilimia 10 ya asidi hiyo. Ikipenya ngozi, mwili huigeuza oksaleti, na oksaleti ikikutana na kalsiamu hutengeneza fuwele zinazoziba mirija ya figo. Basi aliyefanyiwa keratini akaanza kutapika, kuumwa kiuno au kukojoa kidogo ndani ya siku chache, amweleze daktari kuhusu nywele na aombe kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo. Asipoambiwa, daktari hatakisia, nani angewaza saluni?

Miaka kumi baadaye

Sehemu hii ndiyo inayozua hofu na ubishi zaidi. Oktoba 2022 taasisi za afya za Marekani zilichapisha matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Miongoni mwa wasiowahi kunyoosha nywele kwa kemikali, asilimia 1.64 walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Miongoni mwa waliotumia mara kwa mara ilikuwa asilimia 4.05. Yaani katika wanawake elfu moja, 16 dhidi ya 40. Utafiti wa mwaka 2012 kutoka Boston ulikuwa umeshahusisha rilaksa na uvimbe wa faibroidi.

Hayo hayathibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Yanaonyesha kwamba viwili hivyo huandamana. Utafiti haukuuliza ni kopo la kampuni gani. Kinachoshukiwa ni viungo vinavyovuruga homoni, kama parabeni na ftaleti, na hizi za mwisho huweza kujificha chini ya neno moja tu la manukato kwenye orodha ya viungo. Lakini angalia maana ya "mara kwa mara" katika utafiti ule: zaidi ya mara nne kwa mwaka. Anayefanya ritachi kila wiki nane anafika mara sita. Anayengoja wiki kumi na mbili anabaki kwenye nne. Na ngozi iliyochubuka hupitisha zaidi kuliko ngozi nzima, kwa hiyo lile jeraha dogo la Jumamosi, ambalo hukauka na kusahaulika, huenda ndilo mlango wa haya mengine.

Dukani, iwe soko la Kibuye kule Kisumu au katikati ya Nakuru, nunua kopo lililofungwa, lenye orodha ya viungo na tarehe. Kwa bidhaa za viwanda vya hapa nchini kuna namba ya kibali chini ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya: andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, tuma kwa 20023, ulinganishe jibu na jina lililo kwenye kopo.

Anayeamua kuacha asitarajie nywele zilizolainishwa zijikunje tena. Zitakatwa tu, leo au kidogo kidogo. Zinapoota mpya, mahali dhaifu kuliko pote ni pale zile mbili zinapokutana, na hukatikia hapo hasa zikichanwa kavu. Zilowe kwanza, zipakwe kondishena, kisha shika kwa vidole juu kidogo ya ule mpaka na uchane kuanzia nchani kupanda.